Kulia kwa Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mikao, Mabapa na Kanda za Mwili

Maelezo haya yaliandikwa kwanza kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Mombasa. Baadaye wakaanza kuuliza na wasio wanafunzi: aliyetoka hospitali ya Makadara na bahasha ya eksirei, mama mwenye kijitabu cha kliniki ya mtoto, kijana wa bodaboda mwenye plasta mkononi. Majibu ni ya kumsaidia mtu asome na aelekeze. Kutibu ni kazi ya aliye mbele ya mgonjwa.

Kwa nini wasiseme tu juu, chini, mbele na nyuma kama watu wengine?

Kwa sababu mwili hautulii. Aliyesimama, kichwa chake kiko juu ya kifua. Akilala chali, kilicho juu ni tumbo na pua. Akiinama kuokota ufunguo, makalio ndiyo yako juu. Sasa muuguzi wa zamu ya mchana akiandika "kidonda kiko juu ya goti", wa usiku atakayemkuta mgonjwa amelala akitafute wapi? Pajani, au kwenye pia ya goti yenyewe? Ni mahali pawili tofauti, na sentensi ni hiyo hiyo moja.

Istilahi za anatomia huufunga kila mwelekeo kwenye mwili wenyewe. Hazijali kitanda kiko vipi wala anayetazama amesimama wapi. Pajani ni supiria ya goti, yaani upande wa kichwani, hata mgonjwa akining'inizwa miguu juu.

Huo "mkao wa kianatomia" ukoje hasa?

Mtu amesimama wima, uso na macho yametazama mbele, miguu sambamba na vidole vyake vimeelekea mbele, mikono imening'inia ubavuni, viganja vimetazama mbele. Dole gumba limeelekea nje, mbali na mwili.

Viganja ndivyo huwashangaza wanafunzi, maana hakuna anayesimama hivyo kivukoni Likoni akisubiri feri. Sababu yake iko kwenye kigasha. Ndani yake mna mifupa miwili, radiasi upande wa dole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo hukaa sambamba. Ukikigeuza kiganja nyuma, radiasi huvuka juu ya alna na dole gumba hurudi upande wa mwili. Jaribu sasa hivi, shika kigasha chako kwa mkono wa pili ukigeuze, utausikia mfupa ukizunguka. Pasipo makubaliano juu ya kiganja, hata "upande wa nje wa kigasha" ungekuwa hauna maana moja.

Mwalimu, kulia ni kulia kwangu au kwa mgonjwa?

Kwa mgonjwa. Daima. Hili halina mjadala, na ndilo linaloumiza watu likikosewa.

Picha ya eksirei ya kifua hutundikwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako mkitazamana. Kulia kwake kuko kushoto kwako, kwa hiyo ncha ya moyo utaiona upande wa kulia wa picha. Pembeni mwa picha huwa pana herufi R (kulia) au L (kushoto) inayoonyesha upande; itafute kabla hujatazama kitu kingine chochote. Moyo ukionekana umeelekea upande usio wake, kagua kwanza kama picha imegeuzwa. Wapo watu waliozaliwa viungo vyao vya ndani vimebadilishana pande, ini kushoto na moyo kulia, lakini hukadiriwa kuwa mmoja tu kati ya 10,000 hivi.

Skani ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayouonyesha mwili vipande vipande, ina desturi yake. Vipande vya mlalo hutazamwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, unamwangalia kuelekea kichwani. Ndiyo maana ini lililo kulia kwake hujaa upande wa kushoto wa picha. Jamaa wengi wakiona hivyo hudhani skani imekosewa. Haijakosewa.

Kwa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi inayotaka timu ithibitishe mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, wapi, na kama mahali hapo pametiwa alama. Ukiletewa fomu ya kukubali upasuaji wa goti, jicho au ngiri, tafuta neno la kulia au kushoto kabla hujatia sahihi. Halipo? Uliza. Huoni haya kuhesabu chenji dukani, basi usione haya kwa hili.

Nimevunjika mkono, na ripoti inasema "radiasi, sehemu ya distali". Ni wapi?

Karibu na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Kwenye mikono na miguu, proksimali ni karibu na mahali kiungo kinapoota mwilini (bega au nyonga), na distali ni mbali na hapo. Kiwiko ni distali kwa bega, lakini ni proksimali kwa kifundo cha mkono. Kitu chenyewe hakijahama, kilichobadilika ni unakilinganisha na nini.

Mvunjiko huo ni wa kawaida mno kwa anayeanguka akautanguliza mkono kujikinga, iwe ni kutoka kwenye pikipiki au bibi aliyeteleza bafuni. Aina yake moja maarufu hujulikana kwa jina la Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin aliyeieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa.

Jozi nyingine utakazokutana nazo: anteria ni mbele na posteria ni nyuma. Supiria ni upande wa kichwa na infiria ni upande wa miguu. Mediali ni karibu na mstari wa kati unaopita puani hadi kitovuni, laterali ni mbali nao. Jicho ni laterali kwa pua na mediali kwa sikio. Ya juujuu na ya ndani hupimwa kutoka kwenye ngozi, kwa hiyo mbavu ziko ndani zaidi kuliko ngozi ya kifua lakini ni za juujuu kuliko mapafu. Upande mmoja na upande wa pili ni muhimu kwa kiharusi: ubongo ukiumia kushoto, kwa kawaida ni mkono na mguu wa kulia vinavyolegea.

Kwa nini "dosali" ni nyuma kwa mgongo, lakini kwa wayo ni upande wa juu?

Dosali ni upande wa mgongo, ventrali ni upande wa tumbo. Kwenye kiwiliwili hakuna tatizo. Kwenye mkono, dosali ni nyuma ya kiganja. Kwenye mguu, ni ule upande unaouona ukivaa kandambili, kwa sababu miguu ya mimba changa tumboni huzunguka inapokua, na upande uliokuwa nyuma huishia mbele. Likariri hivyo hivyo, mtihani hausubiri falsafa.

Mabapa ya mwili ni nini?

Bapa ni uso mnyoofu wa kuwazia unaoukata mwili. Muuza samaki wa Mombasa huyajua mawili kwa kisu chake. Akimpasua samaki toka kichwani hadi mkiani kufuata uti wa mgongo, kulia kukaachana na kushoto, kama wanavyofanya watengenezaji wa ng'onda, amepita katika bapa la sajitali. Akimkata nguru vipande vya mviringo vyenye tundu la uti katikati, kila kipande ni bapa la mlalo, liitwalo pia aksiali. La tatu, koronali, hutenganisha mbele ya mwili na nyuma yake; hilo hakuna mpishi anayelihitaji.

Sajitali ikipita katikati kabisa huitwa ya kati, na iko moja tu. Zinazopita sambamba nayo, kulia au kushoto, hazina idadi. Bapa lililopinda pembe, lisilo wima wala mlalo, ni la mshazari.

Skani za mwanzo za CT, ambazo mgonjwa wake wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, zilitoa vipande vya aksiali, na neno hilo likaingia hata kwenye jina la kipimo kwa miaka mingi. Leo kompyuta huvipanga upya vipande hivyo ikatengeneza koronali na sajitali, na MRI, kipimo cha sumaku, inaweza kupiga moja kwa moja katika bapa lolote. Anayetaka kuona mwili mzima ulivyo ndani atazame picha zilizotolewa mwaka 1994 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: mwili wa mwanamume uliogandishwa ukapigwa picha kila milimita 1, zaidi ya vipande 1,800. Zinatisha kidogo, na zinafundisha kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Na miendo ya viungo inahusianaje na mabapa?

Chukua swala. Mtu anaporukuu, nyonga hukunjika mbele. Hiyo ni mikunjo na minyoosho katika bapa la sajitali, na kusujudu vilevile kwa magoti. Anapotoa salamu akageuza uso kulia kisha kushoto, shingo huzunguka katika bapa la mlalo. La koronali si kubwa ndani ya swala, ila anayeufungua mkono ubavuni ukapanda hadi usawa wa bega ameutoa mbali na mstari wa kati katika bapa hilo. Wanafunzi wa tiba ya viungo huwauliza wazee hivyo hivyo: kipi kinakushinda, kurukuu, kusujudu au kutoa salamu? Jibu humwambia kiungo gani kina tatizo kabla hajakigusa.

Tumbo ligawanywe robo nne au kanda tisa?

Zote hutumika. Robo nne ni za haraka: mstari wa wima na wa mlalo vinavyokutana kitovuni. Wodi ya dharura ikipokea mtu usiku, "maumivu robo ya chini kulia" yanatosha kuanzia.

Kanda tisa hupatikana kwa mistari miwili ya wima inayoshuka kutoka katikati ya kila mtulinga, na miwili ya mlalo: mmoja chini kidogo ya mbavu, mwingine unaounganisha vinundu vya juu vya mifupa ya nyonga. Safu ya juu, kuanzia kulia kwa mgonjwa, ni hipokondria ya kulia, epigastria katikati, hipokondria ya kushoto. Ya kati ni ubavu wa kulia, kanda ya kitovu, ubavu wa kushoto. Ya chini ni iliaki ya kulia, hipogastria juu ya kinena, na iliaki ya kushoto.

Ini na mfuko wa nyongo viko hipokondria ya kulia. Sehemu kubwa ya tumbo la chakula iko epigastria na kushoto yake. Bandama, ambayo vitabu vya shule huiita wengu, imejificha hipokondria ya kushoto. Kibofu kikijaa hupanda hipogastria. Figo ziko nyuma kabisa, na ya kulia hukaa chini kidogo kwa kuwa ini limeichukulia nafasi.

Kidole tumbo ndicho mfano mzuri wa kuonyesha kanda zinavyofanya kazi. Kikivimba, maumivu mara nyingi huanza kitovuni, yasiyo na mahali dhahiri. Neva za utumbo huo huingia uti wa mgongo kwenye ngazi moja na zile za ngozi ya kitovu, na ubongo unashindwa kuzitofautisha. Saa kadhaa baadaye uvimbe hugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ambao una neva zinazojua mahali, na maumivu huhamia iliaki ya kulia. Charles McBurney, mpasuaji wa New York, alieleza mwaka 1889 nukta yenye uchungu zaidi: ukivuta mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga wa kulia hadi kitovuni, iko thuluthi moja ya safari. Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, maumivu ya iliaki, kulia au kushoto, yanaweza pia kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na hiyo haingoji asubuhi.

Mama mkwe husema "moyo unaniuma" lakini anaonyesha chini ya kifua. Ni moyo kweli?

Anapoonyesha ni chembe cha moyo, kile kishimo chini ya ncha ya mfupa wa kidari. Kwa anatomia ni epigastria, na vilivyo chini yake ni tumbo la chakula, sehemu ya ini, na kongosho nyuma yake. Moyo uko juu zaidi, kifuani kati ya mapafu, karibu theluthi mbili zake kushoto mwa mstari wa kati. Mapigo yake huhisiwa vizuri kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, chini ya katikati ya mtulinga wa kushoto.

Kwa hiyo mara nyingi ni kiungulia au kidonda cha tumbo. Lakini usimcheke mama mkwe. Shambulio la moyo lenyewe linaweza kujitokeza kama maumivu ya chembe cha moyo, hasa kwa wazee, wanawake na wenye kisukari. Yakija na jasho jembamba, kuhema au kichefuchefu, mpeleke hospitali mara moja, mambo ya majina ya kanda mtayaongea baadaye.

Ukimwelekeza daktari, mwambie maneno yake yote mawili: alichosema na alipoweka kidole. Kidole kina uzito zaidi.

Daktari alimwambia mwanangu ana bandama ya sentimita 4. Sentimita 4 kutoka wapi?

Kutoka ukingo wa mbavu wa kushoto kwenda chini. Bandama ya kawaida imefunikwa na mbavu za 9, 10 na 11 na kwa kawaida haiguswi. Ikikua huteremka ikielekea kitovuni na upande wa kulia, ndiyo sababu daktari huanza kupapasa chini, huko iliaki ya kulia, kisha akapanda taratibu. Akianzia mbavuni anaweza kuipita juu yake asiihisi.

Hapa Pwani bandama hupimwa sana kwa sababu ya malaria inayorudiarudia na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu hufundishwa kuipapasa mwenyewe nyumbani, kwani inaweza kuvimba ghafla ikameza damu nyingi. Sentimita zikiongezeka upesi na mtoto amepauka, ni dharura.

Sindano ya makalio huchomwa wapi, na chanjo za mtoto je?

Robo ya juu ya nje. Katikati na chini hupita neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, na sindano ikiigusa mtu anaweza kubaki akiburura mguu. Kosa lenyewe huwa ni kipimo: makalio ya anatomia huanzia juu kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, si pale nyama inapoanza kutuna. Ukigawa ile nyama iliyotuna peke yake, "juu" yako itakuwa ni katikati. Walimu wengi siku hizi hupendelea ubavuni mwa nyonga, mbali na neva hiyo.

Kwa watoto wachanga ni paja, upande wa mbele na nje. Katika ratiba ya Kenya, BCG, chanjo ya kifua kikuu, huchomwa ngozini kwenye kigasha cha kushoto, ndilo lile kovu ulilo nalo. Chanjo ya pentavalenti, ya magonjwa matano kwa pamoja, huenda paja la kushoto, na ya nimonia paja la kulia. Paja moja likivimba, mama akisema ni lipi, muuguzi atajua ni chanjo gani.

Ripoti ya mgongo imeandikwa L4/L5. Ni nambari za nini?

Ni pingili. C ni za shingo, 7. T ni za kifua, 12. L ni za kiuno, 5. Kisha S, tano zilizoungana nyuma ya nyonga, na kifandugu mwishoni. L4/L5 ni gegedu lililo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Weka mikono kiunoni, vidole juu ya mifupa ya nyonga, na dole gumba zikutane mgongoni: uko karibu na L4. Uti wa neva kwa mtu mzima huwa umekwisha kwenye L1 au L2, kwa hiyo sindano ya kutoa maji ya mgongo huko chini haimchomi mtu kwenye uti wake, kinyume cha uvumi unaozunguka mitaani.

Kuna mikao ya kulala pia?

Ndiyo. Chali huandikwa supaini, kifudifudi ni proni, na ubavu huandikwa kwa jina la upande ulioguswa na kitanda. Maiti wa Kiislamu analazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Na kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini barabara ya Mombasa, kichwa huwa upande wa mashariki. Anayejua hilo keshaelewa kwamba mkao mmoja huweka kila upande wa mwili mahali pake.

Mjamzito wa miezi ya mwisho hushauriwa alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, kwa kuwa mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni hupita kulia kidogo ya uti wa mgongo na mimba huweza kuubana akilala chali. Mtoto mchanga naye alazwe chali.

Ng'ombe na samaki nao wana anteria na posteria?

Madaktari wa mifugo huyaepuka maneno hayo kwenye kiwiliwili. Husema upande wa kichwa na upande wa mkia, dosali na ventrali. Tumbo la ng'ombe limetazama ardhi, kwetu limetazama mbele, na anayehamisha majina ya mtu kumpelekea mnyama hujitafutia mkanganyiko.

Niko wodini na jina la kanda limenitoka. Niandike nini kwenye faili?

Andika umbali kutoka mfupa unaoshikika, na upande. "Uvimbe wa sentimita 3, sentimita 5 chini ya ukingo wa mbavu wa kushoto, kwenye mstari wa katikati ya mtulinga, mgonjwa akiwa chali." Daktari yeyote ataupata. "Uvimbe hapa pembeni" hautapatikana hata na wewe mwenyewe kesho.